Daktari Alipigwa Picha, Karani Alishika Orodha

Wasee, tuanze na jina moja: Jonas Salk. Kama ulisoma sayansi hata kidogo, unamjua kama jamaa wa chanjo ya polio. Koti jeupe, chupa mkononi, uso wa kwenye magazeti. Sasa nitajie mtu mmoja tu aliyekuwa anashika ile orodha ya kusema mtoto gani alidungwa chanjo yenyewe na mtoto gani alidungwa maji matupu. Kimya, si ndio?

Na bila hiyo orodha, Salk angebaki tu msee aliye na chupa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinisome kama profesa. Nisome kama mtu ambaye amechoka kusikia historia ya sayansi ikisimuliwa kama historia ya mageniasi. Ukiangalia utafiti mkubwa wa tiba vizuri, utaona kwamba kabla ya kuwa kazi ya maabara, ulikuwa kazi ya ofisi. Ni karani, dereva, mhasibu, mtu wa stoo, mtu wa data na mtu wa kubisha milango. Wazee wetu waliita hiyo kazi ya ukarani na wakaiheshimu. Sisi tunaicheka. Na leo nataka nikuonyeshe kwamba mara kadhaa katika historia, watoto wameishi ama wamekufa kwa sababu ya vile hiyo kazi ilifanywa.

Marekani, 1954

Mwaka wa 1952 Marekani ilikuwa na karibu wagonjwa 58,000 wa polio, na zaidi ya 3,000 walikufa. Huu ni ugonjwa ambao mtoto analala akiwa mzima na anaamka miguu haisongi. Kila msimu wa joto wazazi walikuwa wanakataza watoto kwenda kuogelea. Hofu ilikuwa kila mahali, kwa tajiri na kwa maskini. Rais wao mmoja, Franklin Roosevelt, alikuwa ameugua na kupooza miguu. Ndiye mwaka wa 1938 alianzisha shirika la National Foundation for Infantile Paralysis, na wananchi wakawa wanatuma visarafu vya senti kumi kwa posta hadi Ikulu. Hiyo ni harambee, usidhani tulianza sisi.

Hizo senti kumi kumi ndizo zilizolipia jaribio la chanjo ya Salk. Sindano za kwanza zilidungwa tarehe 26 Aprili 1954 katika shule moja ya msingi huko McLean, Virginia. Kufikia mwisho, watoto karibu milioni 1.8 walikuwa ndani ya utafiti. Fikiria hiyo namba bila kompyuta ya mezani, bila simu ya mkononi, bila intaneti.

Sasa angalia kazi yenyewe. Katika sehemu moja ya jaribio, watoto karibu laki mbili walidungwa chanjo, na wengine karibu laki mbili wakadungwa maji yanayofanana nayo lakini hayana chanjo. Mtoto hakujua amepata gani. Mzazi hakujua. Daktari aliyeshika sindano pia hakujua. Chupa zilikuwa na namba tu. Kila mtoto alitakiwa kudungwa mara tatu ndani ya wiki tano, na zote tatu ziwe za aina moja. Ukimdunga mtoto chanjo leo, halafu wiki ijayo umpe maji kwa sababu mtu alichanganya maboksi, huyo mtoto hana maana tena kwenye hesabu. Zidisha hiyo kwa shule baada ya shule, na walimu ambao walikuwa na darasa la kufundisha. Lazima kila jina, kila namba ya chupa na kila tarehe iandikwe, ifungwe, itumwe, ifike.

Zilikuwa zinafika Ann Arbor, Chuo Kikuu cha Michigan, kwenye kituo kilichoongozwa na Thomas Francis. Huyu aliwahi kuwa mwalimu wa Salk mwenyewe, na alikubali kazi kwa sharti kwamba ataifanya peke yake bila shirika lenye pesa kumwingilia. Hapo ndipo fomu zilikuwa zinasomwa, zinageuzwa kuwa namba, na namba zinatobolewa kwenye kadi za mashine. Kadi baada ya kadi, karibu mwaka mzima. Magazeti yalikuwa yanabisha mlango kila siku yakitaka fununu, lakini matokeo hayakutolewa mpaka hesabu ilipokamilika.

Tarehe 12 Aprili 1955 yakatangazwa: kwenye zile sehemu za chanjo dhidi ya maji, chanjo ilizuia polio ya kupooza kwa kati ya asilimia 80 na 90. Watu walilia. Kengele za makanisa zililia. Salk akasimama kuhutubia, na hii ni sehemu ambayo wenzake hawakuisahau maishani: hakuwashukuru kwa majina watu wa maabara yake mwenyewe, waliokuwa wamekaa pale wakimsikiliza.

Kama hata mwanasayansi mwenzake alisahauliwa, unafikiri mama aliyekuwa anatoboa kadi alikumbukwa na nani?

Makaratasi yalipopunguzwa

Najua kuna mtu ameanza kusema, "Lakini ukarani ni ukarani tu, chanjo ndiyo ilifanya kazi." Sawa. Basi ngoja nikwambie kilichotokea siku chache baadaye.

Siku ileile ya matangazo, serikali ya Marekani ilipitisha chanjo ianze kuuzwa. Makampuni kadhaa yakawa yanaitengeneza. Chanjo ya Salk ilikuwa ni virusi vya polio vilivyouliwa kwa dawa, na kila kundi la chanjo lilitakiwa kupimwa kuona kama kuna virusi vimebaki hai. Wakati wa jaribio la 1954, ukaguzi ulikuwa mkali. Baada ya leseni, ukalegezwa. Kampuni haikulazimishwa kupeleka rekodi za makundi yaliyofeli vipimo. Ilipeleka za yale inayotaka kuuza, basi.

Unaona shida? Kampuni ya Cutter Laboratories, California, ilikuwa inapata makundi yenye virusi hai na kuyatupa. Kutupa ni vizuri. Lakini mtu wa serikali anayesoma faili anaona tu yale yaliyopita. Hajui kwamba kiwanda kina tatizo la kudumu, kwamba haya yaliyopita huenda yamepita kwa bahati. Karatasi ambayo ingemwambia haikuhitajika tena.

Matokeo yake, chanjo yenye virusi hai ilifikia watoto. Watu wapatao 40,000 walipata polio nyepesi, 200 hivi wakapooza kwa viwango tofauti, na 10 wakafa. Hao ni watoto waliopelekwa na wazazi wao kukingwa, pamoja na watu wa nyumbani kwao walioambukizwa. Na sasa ujue kilichosaidia kusimamisha janga hilo: orodha tena. Kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za nani alidungwa chanjo ya kampuni gani, waliweza kuona kwamba wagonjwa wanarudi kwa Cutter, na tarehe 27 Aprili 1955 chanjo hiyo ikaondolewa sokoni. Ni siku kumi na tano tu tangu kengele za makanisa zilie.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema makaratasi yanachelewesha sayansi, mwambie ni kweli wakati mwingine. Halafu mwambie kuhusu Cutter.

Sasa tuje Kilifi

Hii historia iko na tawi hapa kwetu, na ni tawi nene kuliko vile watu wa Nairobi wanajua.

KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, ilianzishwa 1979. Miaka kumi baadaye, 1989, kikundi kidogo kilianza kazi kando ya hospitali ya Kilifi, kwa ushirikiano wa KEMRI, Chuo Kikuu cha Oxford na wafadhili wa Wellcome Trust. Viongozi wa mwanzo walikuwa Norbert Peshu na Kevin Marsh. Swali lao kubwa lilikuwa malaria, juu watoto wa pwani walikuwa wanakufa.

Moja ya kazi za mapema ilikuwa neti. Leo neti iliyotiwa dawa ni kitu cha kawaida mpaka watu wengine wanafugia kuku nayo. Lakini mapema miaka ya tisini, swali lilikuwa bado wazi: je, inapunguza vifo vya watoto kweli, ama inapunguza tu kelele za mbu? Jaribio la Kilifi lilifanyika kati ya 1993 na 1995. Vijiji vingine vilipewa neti, vingine vikasubiri, kwa kupigiwa kura. Watoto waliohusika walikuwa zaidi ya elfu kumi. Jibu: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kukapungua kwa asilimia 44. Majaribio kama hayo yalifanyika pia Gambia, Ghana na Burkina Faso, na kwa pamoja ndiyo yaliyofanya dunia ikubali kugawa neti.

Lakini kaa na hiyo asilimia 33 kidogo. Ili useme vifo vimepungua, lazima ujue waliokuwa hai ni wangapi. Ili ujue waliokuwa hai, lazima mtu atembee. Nyumba kwa nyumba, jua la Kilifi, akiuliza nani anaishi hapa, nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Na kuuliza mama kuhusu mtoto aliyefariki ni kazi ya moyo pia. Wengi waliofanya hiyo kazi walikuwa vijana wa hapohapo, wanaojua Kigiriama na Kiswahili, wanaojua uingie uwanja wa mtu vipi na umsalimie nani kwanza.

Halafu kuna majina. Kwa Wamijikenda mtoto hupewa jina la babu, kwa hivyo kwenye boma moja unaweza kukuta Karisa Katana na Katana Karisa, baba na mwana, na jirani naye ana Karisa Katana wake. Mtoto akifika hospitalini usiku akiwa amezimia, ni Karisa yupi? Ukikosea, umemhesabu mtu mwingine. Ndiyo maana kila mtu akapewa namba yake.

Mwaka wa 2000 hiyo kazi ikawa ya kudumu. Eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka hospitali liliwekwa kwenye orodha moja. Watu zaidi ya laki mbili na nusu, wakitembelewa kila baada ya miezi minne hivi, na kila mtoto anayelazwa hospitali ya Kilifi anaunganishwa na namba ya nyumbani kwao. Miaka nenda miaka rudi.

Orodha moja, miradi mingi

Hapa ndipo watu wengi hawaelewi utafiti mkubwa unavyofanya kazi. Wanadhani kuna daktari mmoja, swali moja, pesa moja. Kumbe ni kama stendi ya matatu. Kuna gari nyingi zenye rangi tofauti na wenye tofauti, lakini stendi ni moja. Mradi mmoja unauliza kuhusu malaria, mwingine nimonia, mwingine utapiamlo, mwingine lishe ya mama mjamzito. Wote wanatumia orodha ileile, friji zilezile, madereva walewale, mhasibu yuleyule.

Wamarekani wameiandika hii kwenye mfumo wao wa ufadhili. Taasisi zao za afya, NIH, zina aina ya ruzuku ya miradi kadhaa iliyofungwa pamoja, na ndani yake kunakuwa na sehemu maalum ya utawala yenye bajeti yake. Kazi yake si kugundua chochote. Kazi yake ni kuhakikisha miradi mitatu ama minne haivutani mashati.

Kilifi inaonyesha faida yake. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya Hib mwishoni mwa 2001, ile orodha ilikuwa tayari, na ikaonyesha ugonjwa huo ukiporomoka kwa watoto. Chanjo ya nimokoka, ile ya kuzuia nimonia na homa ya uti wa mgongo, ilipoanza 2011, orodha ileile ikaonyesha kwamba ugonjwa mkali kutokana na aina za bakteria zilizo ndani ya chanjo umepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuna aliyehitaji kuanza kuhesabu watu upya. Kijana aliyebisha mlango mwaka wa 2003 alikuwa anajibu swali ambalo halikuwa limeulizwa bado.

Na hiyo ni orodha tu. Ukitaka kufanya jaribio la dawa Kenya leo, utahitaji kibali cha kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI, na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Fomu ya ridhaa lazima iwe kwa lugha ambayo mama anaielewa. Damu lazima iwe na kibandiko, ikae kwenye baridi, na stima ikipotea jenereta iwake. Gari lazima liwe na mafuta. Mfanyakazi lazima alipwe tarehe ileile, juu asipolipwa haji, na asipokuja mtoto wa sindano ya pili anakosa sindano ya pili.

Mimi baada ya kuacha chuo nilifanya kibarua cha miezi mitatu cha kuingiza data ya utafiti fulani ambao sitautaja. Kila fomu ilikuwa inaingizwa mara mbili, na watu wawili tofauti ambao hawaangaliani. Halafu kompyuta inalinganisha. Mimi nikisoma 1 na mwenzangu amesoma 7, fomu inarudi, tunatafuta karatasi ya asili. Wiki ya kwanza niliona ni upuuzi. Wiki ya tatu nikaelewa kwamba hiyo 1 ama 7 ni miezi ya mtoto, na dozi inategemea hapo. Malipo yenyewe yalichelewa wiki sita, na hakuna aliyetuomba radhi. Nakumbuka zaidi vile msimamizi wetu alikuwa anatuita: "wale vijana wa fomu."

Siku ambayo macho yalidanganya

Kama ungeniuliza nichague hadithi moja tu ya kumwonyesha mtu anayedharau hii kazi, ningechagua FEAST.

Kati ya 2009 na 2011, timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi ilifanya jaribio katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Swali lilikuwa rahisi. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, damu haizunguki vizuri, je, umwongeze maji ya dripu kwa haraka? Katika nchi tajiri ndivyo walivyokuwa wanafanya. Vitabu vilisema hivyo. Karibu kila mtu aliamini jibu ni ndiyo, na kwamba jaribio litathibitisha tu.

Hospitali zenyewe ni hizi zetu, foleni mpaka nje. Mtoto anafika anakufa, daktari ana dakika chache. Hakuna wakati wa kupiga simu mahali popote kuuliza kundi gani. Kwa hivyo kulikuwa na bahasha zilizofungwa, zisizoonyesha ndani, zenye namba kwa mpangilio. Unachukua inayofuata. Huwezi kuruka. Huwezi kuchagua kwa sababu huyu mtoto amekugusa roho. Fikiria nidhamu inayotakiwa hapo, na fikiria mtu aliyekaa mahali akizipanga hizo bahasha moja moja.

Watoto waliopewa maji haraka walikuwa wanaonekana kupata nafuu. Saa ya kwanza, dalili nyingi zilikuwa zinarudi vizuri kuliko za wale wengine. Muuguzi aliyesimama pale kitandani angekuapia kwamba maji yanaokoa. Hakuwa anadanganya. Ndivyo macho yake yalivyoona.

Lakini orodha ilikuwa inahesabu kitu kingine: nani yuko hai baada ya saa 48. Kamati huru ya kuangalia data, watu wasiohusika na kitanda wala na sifa, ilifungua hesabu, na Januari 2011 jaribio likasimamishwa, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia kati ya 3,600 waliopangwa. Waliopewa maji haraka walikuwa wamekufa kwa kiwango cha asilimia 10.6 kwa kundi moja na 10.5 kwa lingine. Ambao hawakupewa, asilimia 7.3. Yaani kati ya kila watoto mia moja, watatu zaidi walikuwa wanakufa kwa matibabu ambayo kila mtu aliyaamini.

Soma hapo tena polepole. Hakuna daktari hata mmoja angeona hao watatu kwa macho. Ukiwa na wodi moja, watatu kati ya mia wanapotea ndani ya vifo vingine. Walionekana kwa sababu fomu kutoka Kilifi, Muheza, Soroti, Mbale, Mulago na Lacor zilijazwa kwa njia moja, zikafika, zikajumlishwa, na mtu akawa na mamlaka ya kusema simama.

Nani analipia stendi?

Sasa tufike kwa chapaa, juu hapa ndipo hii historia inaacha kuwa ya zamani.

Kila mfadhili anapenda kulipia gari jipya. Hakuna anayependa kulipia stendi. Kwa lugha yao hizo ni gharama za uendeshaji: stima, ofisi, mhasibu, mkaguzi wa hesabu, mtu wa vibali, mtu wa mishahara. Kwa miaka mingi, NIH ililipa vyuo vya Marekani gharama hizi kwa wastani wa kama asilimia 27 ama 28 juu ya pesa za utafiti, na vyuo vingine vikubwa vilikuwa na viwango vya zaidi ya asilimia 60. Taasisi za nje ya Marekani, kama zetu, zilikuwa zinapewa asilimia 8. Nane. Sheria za kuripoti ni zilezile, ukaguzi ni uleule, sarufi ya fomu ni ileile. Jenereta ni yetu ya ziada, juu wao stima haipotei.

Mnamo Februari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itapunguza gharama hizo kwa vyuo vyake hadi asilimia 15. Vyuo vikapiga nduru, vikaenda kortini, na korti ikazuia. Vilisema bila pesa hizo maabara zitafungwa, wafanyakazi watafutwa, majaribio yatakufa. Na mimi naamini vilisema ukweli. Swali langu ni moja tu: kama 15 ni kifo kwao, 8 ilikuwa nini kwetu?

Nakuambia ilikuwa nini. Ilikuwa kandarasi za mwaka mmoja mmoja. Ilikuwa dereva wa miaka kumi na mitano ambaye kila Desemba hajui kama Januari ana kazi. Ilikuwa karani wa data anayejua historia ya kila kijiji, anayeondoka mradi ukiisha, na anaondoka na kila kitu kichwani. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na kutuma barua za kusimamisha kazi, haikuwa tu dawa zilizokwama. Ni watu wa fomu waliotumwa nyumbani, na mtoto wa sindano ya pili akabaki kwenye orodha isiyo na mtu wa kuishika.

Simlaumu mfadhili peke yake. Nchi yetu pia inapenda gari jipya. Kiongozi atakata utepe wa jengo la maabara na kamera kumi, lakini bajeti ya kulipa watu wa kutembea nyumba kwa nyumba ataiacha kwa wageni, miaka zaidi ya thelathini sasa. Orodha ya watu wetu, magonjwa yetu, vifo vyetu, inategemea kama mtu wa mbali ameamka vizuri.

Na sisi vijana je? Tumefundishwa kwamba kuna daktari, injinia, wakili, halafu kuna waliofeli. Nimeambiwa hiyo sentensi mbele ya watu tangu niache chuo. Lakini neti ambayo umelalia ukiwa mdogo ilipita mikononi mwa vijana wa kidato cha nne waliokuwa na kalamu, ubao wa kuandikia na viatu vilivyoisha soli. Hao hawakufeli chochote. Walikuwa wanafanya sehemu ya sayansi ambayo haipigwi picha.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye kuandika ripoti na kutangaza matokeo: wekeni majina yao. Siyo "timu ya nyanjani", siyo "tunawashukuru wote". Majina. Karatasi iko na nafasi. La pili ni kwako unayesoma hapa kwenye simu. Kuna uwezekano mkubwa una shangazi, mjomba ama jirani aliyewahi kubisha milango kwa utafiti fulani, Kilifi, Siaya, Kisumu, Kibera, popote. Muulize alikuwa anaandika nini kwenye hizo fomu, na kama aliwahi kuambiwa jibu lilikuwa gani. Wengi hawakuambiwa. Mradi uliisha, gari likaondoka, na matokeo yakatangazwa Geneva ama London. Kama ni neti, ama Hib, ama nimokoka, sasa unayo namba ya kumpelekea.